Bango linasema "Gusa Hapa", nimegusa, nimefokewa

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Juzijuzi nilikwenda maktaba ya chuo kimoja hapa Dar, nimesikia wameweka maonyesho ya lahaja za Kiswahili ambayo mtu anashiriki mwenyewe: unagusa, unasikiliza, unaandika.

Mlangoni pana skrini kubwa, juu yake bango: GUSA HAPA USIKIE SAUTI. Nikagusa. Kimya. Nikagusa tena, mara nasikia nyuma yangu, "We dada, utaharibu kitu cha watu!" Nikamwonyesha mkutubi lile bango. Hata hakunitazama. "Hiyo ni ya wageni rasmi." Wageni rasmi! Na mimi niliyepanda daladala mbili kuja pale ni nani? Nikainama: plagi iko sakafuni, haijachomekwa, na kioo bado kina nailoni ya dukani.

Nikageuka niondoke, nije niwaambie msipoteze nauli.

Ndipo nikaona ubao ukutani, wanafunzi wameutengeneza kwa maboksi. Vifuniko vidogo vimekatwa kwa mkono, vimeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Juu pameandikwa "njia". Ukifunua, ndani "ndia, Mombasa". "Njaa", ndani "ndaa". "Cheka", ndani "teka". Jamani, hiyo ni sauti ya bibi yangu! Darasa la tatu nilichapwa kwa kuandika "ndia" kwenye insha. Kando pana kadi inaeleza kuwa Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, tena mkutano wenyewe ulifanyika huko huko Mombasa. Miaka yote hiyo hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba lile halikuwa kosa, ilikuwa lahaja.

Nilifunua vyote. Vingine nilirudia.

Kwa hiyo nendeni. Sijui kama maktaba yenyewe inastahili sifa, maana walioifanya kazi ni wanafunzi na kilichogharimu fedha kimezimwa. Yule mkutubi sijamsamehe. Ila nendeni, mpite skrini bila kusimama, mwende moja kwa moja ukutani. Chini ya ubao pana kopo la penseli na vikaratasi vya kuandika neno la kwenu ubandike. Vimejaa hadi vinapandana, nikatafuta nafasi pembeni nikabandika la bibi: "ndoo", yaani njoo, alivyokuwa akituita kula.