Tahadhari: Muuzaji wa "dawa ya magoti" anayekutana na wateja Ngara

Jamani, kuna jamaa anauza tembe za kahawia ndani ya mikebe midogo myeupe. Anasema ni Ayurveda, yaani dawa ya jadi ya India, ya magoti na mgongo. Hana duka. Mnakutana stejini Ngara, Nairobi, unalipa 4,500 kwa M-Pesa, na jina linalotokea kwenye simu ni la duka la nguo. Hapo ningegeuka nirudi nyumbani, lakini mamangu alikuwa halali kwa maumivu.

Siku ya pili mama alipanda ngazi bila kushika ukuta. Tukafurahi, nikaagiza mkebe mwingine. Kufikia wiki ya sita uso wake ulikuwa umevimba, mviringo kama sahani, na sukari aliyoidhibiti miaka mingi ikasoma 19. Daktari alitaka kwanza kuuona mkebe. Alishuku steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe na maumivu: kuna watu husaga deksamethasoni, ambayo ni mojawapo, wakaichanganya na mitishamba, ndiyo maana maumivu hukatika upesi hivyo. Akatukataza kuziacha ghafla, kwa sababu mwili uliozoea steroidi huwa umelala, hautengenezi homoni yake ya kutosha. Kwa hiyo kama mzazi wako anazimeza, usikimbilie kuzitupa. Mpeleke hospitali leo, pamoja na mkebe wenyewe.

Sisemi Ayurveda yote ni utapeli. Ila hata zile za kweli zina mambo yake: dawa za rasa shastra, tawi moja la Ayurveda, hutiwa madini makusudi, zebaki ikiwemo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikutwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki.

Mkebe wetu nilikuja kuusoma vizuri nikiwa nimeshachelewa. Hauna jina la kiwanda, hauna nambari ya leseni wala ya bechi, hauna tarehe. Kuna picha ya jani tu na neno "asilia". Tembe 11 zilizobaki nimezipeleka Bodi ya Famasia na Sumu, maana ndio wanaosajili dawa hapa Kenya.

Nilipompigia jamaa alinijibu, "Dada, hiyo ni sumu inatoka mwilini, mwongezee mama dozi." Kisha akaniblokia. Juzi binamu yangu ameliona tangazo lake tena: laini mpya, bei ileile, mkebe sasa ni wa kijani.