Kukuza Wahandisi Ndani au Kuajiri Wazoefu katika Timu ya Manowari

Kwa gharama, mhandisi mitambo mzoefu hudai mshahara mkubwa, ilhali kumkuza kijana hula muda wa mafundi bora kwa miaka kadhaa. Kwa uhakika wa kazi mzoefu hutangulia: anajua kwamba shafti ya propela isiponyooshwa sawasawa huchakaza beringi na kuzidisha kelele inayoifichua nyambizi. Tangu nyambizi ya Marekani USS Thresher ilipozama mwaka 1963 na watu 129, ajali inayodhaniwa kuanzia kwenye kiungo cha bomba kilichoachia, kila kiungo cha bomba la maji ya bahari kinastahili, kwa maoni yangu, jicho la namna hiyo. Kwa kudumu, aliyekuzwa ndani hushinda, kwani manowari huweza kutumika miaka 30, na historia ya marekebisho yake huhitaji warithi. Majaribio ya baharini yakikaribia, ajiri. Mradi ukiwa bado kwenye michoro, kuza.