Flutter kwa Simu na kwa Kompyuta ya Mezani: Tathmini ya Usanifu Wake

Flutter ni zana ya Google ya kuundia programu za simu na za kompyuta kwa msimbo mmoja ulioandikwa kwa lugha ya Dart. Toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2018 likilenga Android na iOS. Windows iliingia rasmi mapema mwaka 2022, na macOS pamoja na Linux zikafuata Mei mwaka huohuo. Wengi huisifu kwa wepesi wa kuonyesha mabadiliko papo hapo bila kuanzisha programu upya, na sifa hiyo inaistahili. Mimi nimeipima kwa jambo jingine: je, msimbo ulioandikwa kwa ajili ya simu hubaki na mpangilio wake unapohamia kwenye kompyuta yenye kibodi, kipanya na dirisha linalopanuliwa na kupunguzwa?

Katika Flutter, karibu kila kinachoonekana kwenye skrini hutokana na wijeti, yaani kipande cha msimbo kinachoeleza sehemu ya skrini, na wijeti haibadiliki baada ya kuundwa. Hali ya programu inapobadilika huundwa wijeti mpya, zikalinganishwa na za awali, kisha sehemu zilizoathirika tu ndizo huchorwa upya. Wazo la kutenganisha data na sura yake ni la zamani: Trygve Reenskaug alibuni ruwaza (mpangilio wa msimbo unaotumika tena na tena) ya MVC, inayotenganisha data, sura na kidhibiti, mwaka 1979 akiwa kwenye maabara ya utafiti ya Xerox PARC, na mwaka 2005 John Gossman wa Microsoft akaeleza MVVM, ambamo sehemu ya kati huiandalia sura data yake. Flutter haikulazimishi kufuata yoyote kati ya hizo, na uhuru huo ndio unaowaponza wengi.

Chukua ukurasa wa kutafutia kumbukumbu. Mtumiaji anaandika kwenye kisanduku, kila herufi inapeleka ombi kwenye seva, na jibu likirudi unaita setState, amri ya kuijulisha Flutter kuwa hali imebadilika, ili orodha ijichore upya. Ni mistari michache tu, na kwenye majaribio inafanya kazi vizuri. Sasa mtumiaji akiandika «ma» kisha akamalizia «maji», jibu la ombi la kwanza linaweza kuchelewa, likafika baada ya lile la pili na kufuta matokeo sahihi. Akiufunga ukurasa kabla seva haijajibu, setState itaitwa kwenye ukurasa ambao haupo tena, na Flutter itatoa hitilafu. Kasoro hizi mbili hazikuletwa na Flutter, lakini njia yake rahisi kuliko zote haionyeshi hata dalili zake.

Dawa ni kuihamisha hali hiyo kwenye darasa la pembeni linalorithi ChangeNotifier, darasa la Flutter linalowaarifu wanaolisikiliza hali inapobadilika, yaani ruwaza ya mtazamaji katika umbo lake la kawaida. Darasa hilo hushika neno linalotafutwa, huyapa maombi namba na kutupilia mbali jibu la ombi lililopitwa, huku ukurasa ukisikiliza tu na kujichora. Faida yake huonekana wakati wa kuandika majaribio, kwa sababu mantiki yote ya utafutaji huweza kukaguliwa bila kufungua skrini hata moja. Mwongozo rasmi wa Flutter sasa unapendekeza MVVM waziwazi, pamoja na tabaka la hazina ambalo ndilo huamua data itoke kwenye akiba ya kifaa au kwenye seva, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi mzuri. Anayeanza hahitaji tena kuingia kwenye ubishi wa Provider, Riverpod na Bloc, maktaba za kusimamia hali ya programu, kabla hajaandika chochote. (Bloc ina nidhamu nzuri, ila kuiweka kwenye programu ya kurasa mbili ni kukata kucha kwa shoka.)

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile isiyozungumzwa sana, nayo ni Intent (kusudi la mtumiaji) na Action (utekelezaji wake), ambazo ni ruwaza ya amri iliyovaa majina mapya. Unatangaza kusudi moja la kuhifadhi, kisha unalifunga kwenye Ctrl+S kwa Windows, Cmd+S kwa macOS, na kitufe cha kuguswa kwa simu. Utekelezaji unabaki mahali pamoja, na hapohapo ndipo unapoamua kama amri hiyo inaruhusiwa kwa wakati huo. Kwa programu ya mezani, ambako watu hufanya kazi bila kuondoa mikono kwenye kibodi, jambo hili lina uzito kuliko mapambo yoyote.

Kuhusu kasi, kuna dhana moja potofu inayofaa kuondolewa. Fanksheni ya async, yaani inayoweza kusubiri matokeo, haihamishii kazi kwenye uzi mwingine (njia ya utekelezaji inayokwenda sambamba). Inasubiri tu bila kuzuia. Ukichambua faili kubwa la JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data) ndani yake, skrini itaganda vilevile, kwa kuwa kila fremu ina takriban milisekunde 16 tu kwenye skrini ya fremu 60 kwa sekunde. Kazi nzito ipelekwe kwenye isolate, sehemu ya Dart inayofanya kazi sambamba na programu kuu, na fanksheni ya Isolate.run imeufanya mpango huo kuwa mwepesi sana.

Udhaifu mkubwa uko kwenye madirisha. Flutter imekua juu ya dhana ya dirisha moja, kama ilivyo kwenye simu, na vitufe na menyu zake nyingi huzichora yenyewe badala ya kutumia za mfumo endeshi, hivyo mtumiaji mzoefu huutambua ugeni huo mara moja. Kwa programu ya kumbukumbu, ya mawasiliano au ya kuratibu kazi, haya yanavumilika, nami ningeichagua bila kusita. Anayeunda programu ya uhariri ambayo watumiaji wake watataka kuchomoa paneli na kuziweka kwenye skrini ya pili, aijaribu sehemu hiyo kwanza, kabla ya kuandika ukurasa mwingine wowote.