Kanisa la Mt. Lawrence, Eyam: nendeni, ila vaeni viatu vya maana

Ndugu mlioko Sheffield, basi linafika. Eyam ni kijiji cha nyumba za mawe, mkoa wa Derbyshire, Uingereza. Tauni iliingia 1665, inasemekana kwa kitambaa kutoka London, na wanakijiji wakakubaliana na kasisi wao, William Mompesson, kujifungia wasiwaambukize majirani. Mkewe, Catherine, alifariki Agosti 1666. Kaburi lake liko pale pale uani mwa kanisa, pamoja na msalaba wa mawe wa enzi za Wasaksoni, nguzo yake imepungua kipande.

Kilichoniganda mimi ni saa ya jua ya 1775, juu ukutani kwa nje. Imeandikwa adhuhuri za miji ya mbali, mpaka Makka! Sasa mchunga kondoo wa milimani huku adhuhuri ya Makka ilimhusu nini?

Sanduku la sadaka mtaliona, msijifanye vipofu. Makaburi ya Riley, Elizabeth Hancock alikozika mume na watoto sita ndani ya siku nane, yako nje ya kijiji, na ni kupanda tu. Watoto wadogo watalia kubebwa.

Nyota nne. Ya tano imeliwa na chai vuguvugu niliyouziwa mahali fulani kwa bei ya pilau.