Kifaa cha mipira mitatu cha mazoezi ya pumzi: ununue au uache?

Ukiulizia "kile cha kuvuta mipira" kwenye famasi kubwa au duka la vifaa tiba pale Moshi mjini, utaletewa boksi lenye kidude cha plastiki angavu: nguzo tatu zilizoungana, kila moja ina mpira mwepesi ndani, halafu mrija wa mikunjo na kipande cha kuweka mdomoni. Kwenye nguzo zimeandikwa 600, 900 na 1200. Hizo ni sentimita za ujazo kwa sekunde, yaani kasi ya hewa unayovuta, si kiasi cha hewa kilichoingia kwenye mapafu. Wanaokitumia vibaya wengi wao wanakosea hapo.

Aliyepasuliwa kifua, awe amefunguliwa mfupa wa kati kwa ajili ya moyo au amepasuliwa ubavuni kwa ajili ya pafu, huvuta pumzi fupifupi kwa sababu ndefu inauma. Vifuko vya hewa vya chini ya mapafu vinasinyaa, makohozi yanatuama, nimonia inapata pa kuanzia. Kifaa kinampa mgonjwa kitu cha kutazama ili avute kwa kina. Basi. Hakiondoi maumivu, na tafiti hazijaonyesha kwamba kinayashinda mazoezi ya pumzi ndefu yanayofanywa kwa mpangilio bila kifaa chochote. Muuzaji anayekuambia kwamba bila hicho mapafu yatakufa anatafuta riziki.

Pamoja na hayo tunakikubali, kwa sababu nyumbani hakuna nesi wa kukumbusha. Kikikaa juu ya stuli kando ya kitanda, hata mjukuu atauliza: "Babu, leo umepandisha mingapi?"

Kwanza maumivu, maana ndiyo yanayoamua kama kifaa kitatumika au kitakaa kabatini. Meza dawa uliyoandikiwa, subiri kama nusu saa hadi dakika 45, ndipo ufanye zoezi refu la asubuhi. Kama ni paracetamol ya miligramu 500, kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe au mwenye uzito mdogo apangiwe pungufu. Imezwe kwa kufuata saa hizo, usingoje maumivu yapande. Angalia pia dawa za mafua zilizopo nyumbani, nyingi zina paracetamol ndani, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua. Diclofenac na ibuprofen usijinunulie dukani, hasa kama una vidonda vya tumbo, figo zina shida, au unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tramadol, dawa kali zaidi ya maumivu, inafunga choo, na kujikamua chooni kunauma kifuani kuliko hata kukohoa: maji, papai na kutembea uani vianze siku ileile unapoianza.

Sasa kifaa chenyewe. Kaa wima kwenye kiti, usilale wala usijikunje. Kishike kikiwa kimenyooka usawa wa macho. Ukikilaza kidogo mipira inapanda kirahisi na unajidanganya. Toa pumzi taratibu, bana midomo kuzunguka kipande cha mdomoni, kisha VUTA polepole. Wengi hupuliza, halafu wanasema ni kibovu kwa kuwa mipira haisogei. Lengo ni mpira wa kwanza, na baadaye wa pili, ukae juu sekunde 2 au 3 huku wa tatu umetulia chini. Kuirusha yote mitatu kwa mvuto mmoja wa ghafla kunawafurahisha wageni waliokuja kukujulia hali, lakini hewa inaingia juu juu tu. Toa kifaa mdomoni, zuia pumzi kidogo, achia. Rudia hadi 10 kila saa ukiwa macho, ukipumzika kati ya pumzi na pumzi. Kichwa kikiwa chepesi au vidole vikifa ganzi, umevuta harakaharaka. Acha, pumua kawaida.

Malizia kwa kukohoa. Hapa mto ni muhimu kuliko kifaa: ukumbatie kwa nguvu juu ya mshono, kohoa mara 2 au 3. Usinunue mto maalumu. Taulo zito la mitumba kutoka soko la Memorial, likunjwe mara nne na kufuliwa kwanza, linafanya kazi ileile. Kifua usikifunge kwa kitenge kutwa nzima kama ndugu wanavyoshauri, utakuwa unazuia pumzi hiyohiyo unayoitafuta.

Ubovu wake upo. Mrija hulegea pale unapoingia kwenye kitako, hewa inapita pembeni na mgonjwa anadhani hali yake imerudi nyuma. Chunguza hapo kabla ya kuogopa. Mvuke wa mdomo ukiingia kwenye nguzo, mipira inanata. Kipande cha mdomoni kioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu kila siku, kikaushwe, kisichemshwe maana kinapinda. Na hakiazimwi, wala hakinunuliwi kilichotumika: kifua kikuu bado kipo mitaani kwetu.

Hakuna mpira utakaokuambia haya, kwa hiyo yajue: homa, usaha, mfupa wa kifua unaogonga au kucheza ukijigeuza, kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba, au kukosa pumzi ghafla. Lolote kati ya hayo ni la hospitali siku hiyohiyo, na kukosa pumzi ni la dakika hiyohiyo.

Ukikuta dukani aina ya pistoni, yenye nguzo moja kubwa iliyowekwa alama za mililita, na mfuko ukaruhusu, chukua hiyo. Inaonyesha kiasi cha hewa chenyewe, na ina kidoti cha kusogeza kuashiria ulipofika jana.