Siku mbili za kujifunza kuzuia damu, na sanduku ambalo singenunua tena

Mimi ndiye ninayeshika funguo za stoo katika karakana ya milango ya chuma na makochi karibu na Kibuye, Kisumu. Mafundi huniita Mama Stoo. Sanduku la huduma ya kwanza liko chini yangu, kwa hiyo mtu akiumia macho yote hunigeukia mimi.

Mwaka jana yalinigeukia kweli. Diski ya grenda ilipasuka ikamkata kijana wa kuchomelea pajani, juu kidogo ya goti. Mmoja alikuja mbio na sukari, mwingine na kahawa ya unga, nami nikafunga tyubu ya baiskeli juu ya kidonda nikadhani nimemaliza. Damu ikazidi. Tulimpakia kwenye tuktuk hadi Russia, ndivyo tunavyoiita hospitali ya Jaramogi, akashonwa, na leo yuko kazini. Lakini mimi nilikuwa na cheti, tena nimekitundika ukutani! Nilikipata kwa siku moja ya kutazama slaidi na kumfunga jirani yangu bendeji ya pembetatu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe tayari kwa huduma ya kwanza, basi wengi wetu hutumwa kutafuta karatasi ya kumwonyesha inspekta.

Safari hii tajiri alilipa wakufunzi wengine kabisa, sh 3,500 kwa kila kichwa, tukiwa 14, na walitufuata hapahapa karakanani kwa siku mbili. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuungua, kuzirai na kukandamiza kifua. Ilikuwa sawa. Chai ilikuwa nyepesi.

Asubuhi ya pili ndiyo ninayoilipia tena hata kesho. Mwalimu, mama mmoja aliyewahi kuwa nesi, alileta kipande cha sponji ya godoro chenye shimo refu, akapitisha mpira wa dripu hadi chini ya shimo, na upande wa pili akaunganisha chupa ya maji mekundu. Alipoiminya chupa, maji yalitoka kwa mapigo. "Zuia," akasema, akawasha saa ya simu.

Nilikandamiza kwa viganja. Baada ya dakika moja mikono ilianza kutetemeka, nikainua kidogo nione kama imekoma. Maji yakanirukia leso. "Ukichungulia, umeanza upya, Mama Stoo." Akanipigisha magoti, akaninyoosha viwiko, akaniambia nitumie uzito wa mwili badala ya nguvu za vidole. Dakika tatu ni ndefu jamani. Na mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika hizohizo chache zinaweza kuwa ndizo pekee ulizo nazo.

Kidonda kikiwa kinenani au kwapani, mahali ukanda haushiki, unaingiza shashi kwa kidole ukifuata damu inakotokea, unashindilia hadi shimo lijae, kisha unakandamiza juu yake. Hapo fundi wetu wa makochi alitushinda wote. Maisha yake yote ni kujaza mito, hata mwalimu alisimama kumtazama.

Halafu tonikei, ule ukanda mpana wenye kijiti cha kuzungusha. Kwa kidonda cha mkono au mguu tu, vidole vitatu hivi juu ya kidonda, kamwe si juu ya kiungo, na unazungusha hadi damu ikome. Ukishakaza, andika saa, usilegeze mpaka hospitali. Alinikaza mkono wa kushoto kwa muda mfupi ili nionje: mapigo ya kifundo yakapotea, nami nikapiga kelele. Akasema mgonjwa atalia hivyohivyo, na kilio kisinitie huruma ya kulegeza. Ndipo nilipouliza kuhusu tyubu yangu. Hakunicheka. Alieleza kwamba ukanda uliolegea huzuia damu inayorudi huku inayokuja ikiendelea kupita, kwa hiyo kidonda huvuja zaidi. Nilikwenda nje kidogo nikapumua.

Sasa lawama. Tonikei ilikuwa moja kwa watu 14, wengine waliigusa mara moja tu kabla ya chakula. Slaidi zote zilikuwa za Kiingereza, na mzee wetu wa randa alisinzia mpaka mwalimu alipozizima akaanza kuongea Kiswahili. Ningependa zizimwe tangu mwanzo.

Kubwa zaidi ni sanduku. Mwishoni kijana wao wa mauzo alituuzia la sh 4,800. Nililifungua jioni ile: plasta tele, pini, bendeji nyembamba na mkasi ulioshindwa na ukingo wa suruali ya jinzi, nimeujaribu mwenyewe. Shashi zilikuwa pakiti mbili. Tonikei hamna. Nilipompigia akasema hiyo ni oda tofauti. Yaani mmetufundisha kuvua samaki, mkatuuzia ndoano ya kuchokolea meno?

Nyota nne kwa yule mama, moja kwa sanduku. Ukiwaita, lipia mafunzo, vifaa nunua kwingine.

Tonikei mbili nimeziagiza mwenyewe, na zinaning'inia kwenye msumari kando ya grenda. Stooni sikuziweka: mimi hufunga saa kumi na moja, na grenda huendelea hadi giza.