Yothu Yindi, Tribal Voice: msiruke nyimbo fupi

CD hii ya bendi ya Yothu Yindi niliiokota kwenye duka la mitumba hapa Melbourne kwa dola 3, kasha limepasuka, na kilichonipeleka kwake ni wimbo mmoja tu: Treaty, yaani Mkataba. Miezi miwili ya kwanza sikuisikiliza vinginevyo. Naruka vile vipande vifupi vya vijiti na yidaki (lile zumari refu la mti), napiga Treaty, nakwenda Djäpana, nazima.

Halafu kitufe cha kurukia nyimbo kikafa kwenye redio ya gari. Safari ya saa tatu, nikalazimika kuisikiliza kama walivyoipanga wenyewe. Ndipo nikaisikia Gapirri, wimbo wa taa (yule samaki, si ya umeme), sauti za wazee zikipanda na kushuka juu ya bilma, vile vijiti vya kugonganisha. Hakuna gitaa. Roki inapofuata unatambua mdundo umetoka kulekule. Nyimbo hizo za jadi wanaziita manikay, na bila hizo albamu hii ni pop ya 1991 yenye kinanda cha umeme kilichochakaa.

Bendi inatoka Yirrkala, Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, Wayolngu (wenyeji wa huko) na wazungu pamoja. Jina lao maana yake ni mtoto na mama, yaani undugu wa ukoo wa mtu na ukoo wa mama yake. Sisi tuliolelewa tukijua mjomba ni nani hatuhitaji maelezo marefu hapo. Mwimbaji wao, Mandawuy Yunupingu, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya hapo kijijini, na anaimba kama mtu aliyezoea kurudia somo mpaka liingie.

Treaty yenyewe ni deni linalodaiwa. Mwaka 1988 waziri mkuu Bob Hawke aliahidi, pale Barunga, mkataba na wenyeji wa nchi. Albamu inatoka 1991, mkataba haupo. Wimbo wameutunga pamoja na mwanamuziki Paul Kelly na Peter Garrett wa bendi ya roki ya Midnight Oil, na katikati lugha inageuka kuwa Kigumatj, lugha ya Wayolngu, bila kumwomba msikilizaji radhi. Sehemu hiyo ndiyo naipenda kuliko zote, na sielewi neno hata moja.

Tahadhari kwa mnunuzi: Treaty uliotikisa madisko ni remiksi ya Filthy Lucre, watengenezaji wa muziki wa dansi. Ulioko kwenye CD yangu ni wa gitaa, mzito, unakwenda taratibu. Matoleo ya baadaye yaliongeza remiksi, kwa hiyo soma nyuma ya kasha kwanza.

Wimbo wa My Kind of Life bado haunigusi, nimejaribu. Nimetoa nyota nne. Ya tano imeliwa na kinanda. Redio sijaitengeneza.